Mama Pasi na Picha ya Jiji

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini hata waliolijua waliacha kulitumia. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, kwa kuwa alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Shati likitoka mikononi mwake ungeweza kulisimamisha mezani likasimama lenyewe. Walimu, mawakili na makarani wa mtaa ule walikwenda kazini wamenyooka kwa hisani yake, na wengine wao, alikuwa akisema mwenyewe, kilichonyooka ni shati tu.

Sebule yake ndiyo iliyokuwa ofisi. Meza ya kupigia pasi ilikaa chini ya dirisha, kamba ya kutundikia nguo ilikatiza kutoka pembe hii hadi pembe ile, na upande wa ndani palikuwa na kitanda cha mumewe. Huyo mume, kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, aliitwa Dereva. Aliendesha malori ya safari ndefu mpaka siku kiharusi kilipomkamata, bahati njema akiwa mezani anakula na si barabarani. Mkono na mguu wa kushoto vililala. Ulimi haukulala. Tena ulimi ule, jamani, uliamua kufanya kazi ya viungo vyote vilivyogoma.

Mkabala na kitanda, ikijaza ukuta mzima kutoka mlangoni hadi kabatini, ilitundikwa picha ya jiji. Nasema ya jiji kwa maana haikuwa yao. Zamani kidogo palikuwa na daktari wa macho, mwanamke aliyeishi peke yake, ambaye asubuhi alitibu macho ya watu na jioni alichora. Alipofariki aliliachia jiji picha zake zote kwa masharti: zikae pamoja katika nyumba moja, na mtu yeyote aruhusiwe kuingia kuziona bila kulipa. Jiji likapokea zawadi kwa makofi. Makofi nayo hayajengi nyumba, kwa hiyo picha zikapelekwa stoo ya manispaa, zikawekwa pamoja na matairi mabovu na viti vya mikutano.

Msimu wa mvua paa la stoo likavuja. Hapo ndipo afisa utamaduni, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja zuri, alipopata wazo lililochekwa na madiwani wote. Alizunguka mitaani akiuliza nani ana ukuta mkavu. Mwenye ukuta mkavu alipewa picha moja ailee mpaka jiji litakapojenga jumba la sanaa, na sharti la marehemu likaheshimiwa hivi: kila Jumamosi alasiri, yeyote akibisha hodi, afunguliwe aone. Watu hao waliitwa walezi wa picha. Kinyozi mmoja alipewa ya kwake, lakini wateja wakawa wanageuza shingo kuitazama huku mkasi uko kichwani, na baada ya masikio mawili matatu kupata majeraha ikahamishiwa kwa mfamasia.

Mama Pasi alipewa ile kubwa kuliko zote kwa sababu nyumba ya dobi lazima iwe kavu. Ilikuwa picha ya wagonjwa wa macho wamekaa kwenye benchi refu wakingoja kuitwa ndani. Wengine wamefungwa bandeji jicho moja, mama mmoja amempakata mtoto, na mwishoni kabisa yupo mwanamume mwenye kofia, ametazama mlangoni. Mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa mwalimu mstaafu. Wa pili alikuja na watoto wake. Baada ya muda Jumamosi za nyumba ile zikawa hazina nafasi ya kuweka mguu, na birika halikushuka jikoni.

Dereva ndiye aliyekuwa roho ya shughuli. "Huyo mwenye kofia ni dereva," aliwaambia wote walioingia. "Tazama mikono ilivyokaa. Hiyo mikono imezoea usukani." Mgeni akisema, "Mzee, mbona mimi namwona kama mwalimu?" basi hapo patawaka. Watabishana mpaka chai ipoe, mgeni ataaga akiwa ameshindwa, na Jumamosi inayofuata atarudi na hoja mpya. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na Mama Pasi aliyaona maneno hayo yakitimia mbele ya macho yake. Mtu aliyelala Jumatatu hadi Ijumaa kama gunia, ikifika Jumamosi alitaka anyolewe ndevu na avalishwe shati jeupe.

Kutoka nje, lakini, hakutaka hata kusikia. Binti yao, kitinda mimba, muuguzi wa mji mwingine, alimletea kiti cha magurudumu kizuri, kipya, bado kina nailoni. Dereva alikitazama akasema, "Asante mwanangu, kiweke pale." Pale ndipo kilipobaki. Mama Pasi alingoja, akabembeleza, akanuna, mwisho akaanza kukirundikia mashuka yaliyopigwa pasi. Kila akimwambia, "Twende basi hata hadi kona ya dukani," alijibiwa, "Leo sijisikii." Hiyo leo ilirudi kila siku ya Mungu. Yeye akahitimisha kwamba ni kiburi. Mtu aliyeendesha tani thelathini, atakubalije kusukumwa na mkewe kama toroli la vitunguu?

Huku nyuma yule afisa utamaduni alikuwa anapigania jumba lake. Mtaani walimwita Bwana Kesho, maana ukimuuliza jumba limefikia wapi, atajibu, "Kesho tuna kikao." Mara ya kwanza alipewa kiwanja karibu na uwanja wa mpira. Wapenzi wa mpira wakavamia kikao, wakauliza ni nani huyo anayetaka kuwanyang'anya sehemu ya mazoezi ili watu wakatazame ukuta. Mara ya pili akapewa posta ya zamani. Mhandisi alipokwenda kuipima, sakafu ya juu iliyoliwa na mchwa ikaachia, na mguu wake ukaonekana ukining'inia kwenye dari ya chini. Fedha zilipotengwa, meya akasimama barazani akasema picha hazijazi ndoo, watu wanataka maji. Fedha zikaenda kwenye mabomba. Mabomba nayo hayakutoa maji, lakini hilo tuliache.

Bwana Kesho aliandaa matembezi ya hisani, mvua ikanyesha wakatembea watu wanne na mbwa. Aliandaa chakula cha jioni cha matajiri, matajiri wakala wakashiba wakaenda zao. Nywele zikaanza kumtoka. Kila mara alipita kwa Mama Pasi kukagua picha, akanywa chai, akasikiliza hoja ya kofia, akaondoka na begi lake lililokatika mkanda. Mama Pasi alimhurumia kwa dhati. Lakini nisikufiche msomaji: kila jumba lilipokwama, moyoni mwake alisema alhamdulillahi.

Kawia ufike. Kiwanda cha barafu cha karibu na soko kilifungwa, mwenyewe akaamua kulipa jiji jengo badala ya kodi alizokuwa akizikwepa. Lilikuwa jengo la kuta nene, kavu, lenye madirisha ya juu. Safari hii hata wapenzi wa mpira hawakuwa na neno. Na safari hii palikuwa na haraka, kwa sababu ndugu wa marehemu daktari walichoka kungoja. Walitangaza kwamba picha zisipokuwa zote ndani ya nyumba moja ifikapo mwisho wa mwaka, watazirudisha kwao, na mnunuzi wa ng'ambo walikwishampata. Walezi mmoja mmoja wakatoa picha zao. Mfamasia alilia kidogo akaitoa. Ikabaki ile kubwa.

Bwana Kesho alikuja asubuhi, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," walijibu wote wawili.

Mama Pasi hakuacha kupiga pasi. "Najua kilichokuleta. Jibu ni hapana."

"Mama, ni moja tu iliyobaki."

"Basi fungueni bila hiyo."

"Wosia unasema zote. Ikikosekana moja, wanachukua zote."

"Nyumba yenu ina kuta ngapi?" Mama Pasi aliuliza. "Mimi nina ukuta mmoja."

Bwana Kesho alimtazama Dereva kuomba msaada. Dereva, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikuwa kimya. Mama Pasi akaiweka pasi pembeni, akamshika yule bwana kiwiko, akamtoa nje. Walisimama kibarazani. Alidhani hapo wako faragha, kumbe walikuwa chini ya dirisha lile lile, na dirisha la nyumba ile halikuwahi kufunga sawasawa.

"Nisikilize mwanangu," alisema. "Mimi si mchoyo. Lakini yule bwana hatoki. Ana kiburi cha madereva, hataki kusukumwa. Dunia yake yote inaingia kwa mlango huu Jumamosi. Mkiichukua picha, nani atabisha hodi kwangu? Watakuja kutazama kabati? Mtakuwa hamkuchukua picha, mtakuwa mmechukua watu wake wote, mniachie yeye na ukuta. Mimi nitakaa namtazama akiisha. Siwezi."

Bwana Kesho aliigeuzageuza kofia mkononi. Alikuwa mtu mwenye moyo, hilo halikuwa na ubishi. "Nimekuelewa mama," alisema mwishowe. "Kesho nita—"

"Usiniambie kesho, tafadhali."

Akaondoka. Alhamisi ya wiki hiyo Mama Pasi alijitwika kapu la mashuka ya nyumba ya wageni, akaenda kuyapeleka kama kawaida yake. Alipokuwa anarudi, jirani muuza nyanya alimsalimia kwa sauti ya chini isiyo yake, akainama haraka kupanga nyanya zilizokuwa zimeshapangwa. Moyo ukamwambia jambo. Akaharakisha.

Ukuta ulikuwa mtupu. Dereva alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto, jasho likimtoka kama aliyebeba kitu yeye mwenyewe. Baadaye muuza nyanya alisimulia jinsi ilivyokuwa. Dereva alimpigia simu Bwana Kesho kwa mkono wake mzima, gari likaja na mablanketi, na muda wote vijana walipokuwa wakiitoa ile picha mlangoni yeye alikuwa akipiga kelele kitandani: "Kata kulia! Kata! Haya rudi nyuma! Mwangalie huyo, nani kampa leseni?"

"Nani kaitoa?" Mama Pasi aliuliza.

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba huja hapa kila mwisho wa mwezi kudai kodi yake, na hafanani na wewe hata kidogo!"

Siku nyingine wangecheka. Mama Pasi alilitupa kapu, akawasha pasi, akaanza kupiga nguo zilizokuwa zimeshapigwa. Amepigana na afisa, amekubali kuonekana mbinafsi mbele ya jiji zima, halafu mtu mwenyewe anayempigania anamzunguka mgongoni! Mume akaomba maji, akapewa bila neno. Akasema hali ya hewa imebadilika, hakujibiwa. Alasiri ile Mama Pasi aliunguza kola ya shati la wakili, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na moshi wake ukamfanya akae chini kwenye kigoda.

"Sasa nisikilize," Dereva alisema. "Nilisikia uliyomwambia yule bwana pale nje."

Mama Pasi akalitazama lile dirisha.

"Umesema sitoki kwa sababu ya kiburi."

"Si kiburi?"

"Mwanzoni kilikuwepo, siwezi kusema uongo. Lakini kiliisha zamani. Mwili wenyewe umeisha, kiburi kingebaki wapi?" Akajivuta kidogo kwenye mto. "Mke wangu, wewe unasukuma lile lichuma Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumapili unafua. Mimi niko hapa, nakuona. Ukimaliza unajipaka dawa ya kuchua mabegani, unadhani nimelala. Jumamosi ndiyo siku pekee mikono yako inashika kikombe. Halafu mimi niseme, haya, acha kikombe, njoo unisukume na mimi? Nina sura gani ya kukuambia hivyo? Nikaona heri nikae, watu waje."

"Mbona sasa umeitoa?"

"Kwa sababu nilidhani unawapenda wale wageni. Nilidhani ni starehe yako. Kumbe unawachemshia chai kwa ajili yangu, unakaa ndani kwa ajili yangu, na jumba la watu linakwama kwa ajili yangu. Nikasema basi, ikiondoka hiyo picha, angalau mmoja wetu atatoka siku ya Jumamosi akapunge upepo."

Mama Pasi aliyasikia maneno hayo yakishuka moja moja. Alikumbuka zile "leo sijisikii" zote, na jinsi alivyokuwa akizijibu kwa kumgeuzia mgongo. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha, akayafuta kwa kola iliyoungua.

"Nitoke niende wapi bila wewe, mtu wewe?" alisema. "Nimesukuma pasi juu ya mashati ya watu ambao hata asante hawaijui. Wewe ndiye nitakayeshindwa kukusukuma?"

Dereva akageuza uso kuelekea ukutani, lakini ukuta ulikuwa mtupu na hapakuwa na mahali pa kuyaficha macho yake. "Mimi mzito," alisema.

"Utapunguza ugali."

Jumba lilifunguliwa Jumamosi kabla ya mwaka kwisha. Mama Pasi aliyaondoa mashuka kwenye kiti cha magurudumu, akachana nailoni iliyokuwa imeanza kuwa ya njano, akamnyoa mumewe, akamvalisha shati jeupe. Wakati wa kuvuka kizingiti wote wawili waliogopa. Kiti kikakwama, kikaruka, wakawa nje.

"Gia ya kwanza," Dereva alisema kwa sauti iliyotetemeka. "Taratibu. Achia klachi."

"Funga mdomo nisukume."

Kwenye mlima mdogo wa zahanati alimwamuru atie gia nzito, kwenye mteremko akapiga honi kwa mdomo, na waendesha baiskeli wakawapisha. Watu waliokuwa wakimjua kwa sauti ya dirishani tu walitoka kumwona. "Dereva! Ulikuwa wapi siku zote?" walimwuliza.

"Gereji," alijibu. "Spea zilichelewa."

Kiwanda cha barafu kilikuwa kimepakwa chokaa nyeupe, ingawa upande wa nyuma paa lilikuwa bado la turubai kwa kuwa fedha ziliishia hapo. Meya, yule yule wa ndoo, alisimama mbele ya kipaza sauti akasema jumba hili lilikuwa ndoto yake tangu utotoni. Watu wakapiga makofi, wengine wakaguna. Bwana Kesho alikuwa kando ya mlango, hakuitwa kuhutubia, akiwaelekeza wazee wapite wapi ili wasijikwae. Alipokiona kile kiti kinakuja, alikimbia kusogeza watu kipite.

"Sasa tukuiteje?" Dereva akamtania. "Maana kesho yako imefika."

"Niiteni hivyo hivyo tu, mzee," alisema, akicheka na kupenga kamasi. "Paa la nyuma bado."

Picha ya benchi ilitundikwa ukuta wa mwisho, peke yake. Mama Pasi alisimamisha kiti mlangoni mwa ukumbi, mbali nayo, kwa sababu watu walikuwa wengi. Wakaitazama. Kwa miaka yote waliyokaa nayo hawakuwahi kuitazama kutoka mbali hivyo. Sebuleni ungeona bandeji, kiganja, mtoto aliyelala, kila kitu peke yake kama ungekigusa, lakini kurudi nyuma ungegonga kitanda. Hapa benchi lote lilionekana mara moja.

"Wameegemeana," Mama Pasi alisema.

"Nani?"

"Wote. Anza kwa yule mama mwenye mtoto. Bega kwa bega mpaka kwa mwenye kofia. Akisimama mmoja wanaanguka wote."

Dereva akakaza macho. Alitazama kwa muda, midomo ikichezacheza, akitafuta cha kubisha. "Wameitundika juu mno," alisema hatimaye. Lakini mkono wake mzima ulipanda begani, pale mkono wa mkewe ulipokuwa umekaa, ukaushika, ukabaki hapo mpaka mwalimu mstaafu alipotokea akasema kwa sauti kwamba mwenye kofia si dereva, na ubishi ukaanza upya mbele ya watu wengi kuliko sebule ile ilivyoweza kuchukua. Mlinzi alikuja mara mbili kuwaomba wapunguze sauti.

Walitoka jua likiwa limeshapoa. Kufika njia panda, ya kushoto ilikuwa ya nyumbani moja kwa moja, ya kulia ilizunguka nyuma ya soko, ikapita stendi ya malori, ikarudi mtaani kwa upande wa pili. Mama Pasi alianza kukata kushoto.

"Subiri," Dereva alisema. Vidole vyake vikagongagonga mkono wa kiti. "Mabega yako vipi?"

"Mabega yangu yako kwangu. Sema unachotaka."

"Wala, nilikuwa naulizia tu."

"Sema, mume wangu."

"Basi," alisema, "tupite njia ndefu."